Mashine Ikilia Usiku, Nani Ataamka?

Msomaji, majuzi nilialikwa katika hoteli moja mjini Meru kutazama mtambo mpya. Tulikuwa madaktari na wasimamizi wa hospitali wapatao ishirini, kutoka Meru, Chuka na Embu. Baada ya chai na mandazi, kijana mmoja mtanashati, ajenti wa kampuni inayouza vifaa vya hospitali, aliwasha tarakilishi yake na kutuonyesha ukutani vitanda vinane vya wagonjwa mahututi. Kila kitanda kilikuwa na mistari yake: mapigo ya moyo, kiasi cha oksijeni, shinikizo la damu na kasi ya kupumua. Juu ya mistari hiyo palikuwa na namba moja kubwa yenye rangi. Kijani, mgonjwa yuko salama. Manjano, mwangalie. Nyekundu, huyu hali yake itazorota katika saa chache zijazo.

Namba hiyo, alitueleza, haitolewi na daktari wala muuguzi. Inatolewa na akili bandia, yaani programu ya tarakilishi iliyopitishwa katika rekodi za maelfu ya wagonjwa waliowahi kulazwa, hadi ikajifunza ni mabadiliko gani madogo ambayo hutangulia balaa. Haichoki, haisinzii, haiendi kutafuta chakula cha usiku.

Niliinua mkono nikauliza swali moja tu. Saa tisa za usiku, namba ikigeuka nyekundu, nani ataamka? Wenzangu walicheka. Sikuwa natania, na nitaeleza kwa nini.

Wengi wenu mnaijua ICU kwa kadi za harambee. Ndugu au jirani amelazwa, bili imefika mahali pa kutisha, na jamaa wanakutana Jumamosi kuchanga. Lakini ndani ya chumba hicho mnafanyika nini? Dawa nyingi zinazotolewa humo hupatikana pia katika wadi za kawaida. Tofauti kubwa ni jicho. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kusaidia kupumua anafaa awe na muuguzi wake peke yake, mchana na usiku, na mitambo inayompima kila sekunde. Katika wadi ya kawaida muuguzi humpitia mgonjwa mara moja kila baada ya saa nne au sita, akipata nafasi. ICU, kwa ufupi, ni mahali ambapo mgonjwa hawezi kuanza kufa bila mtu kujua. Angalau ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mwaka 2006 nilikuwa daktari kijana, bado natafuta uzoefu, katika hospitali moja ya eneo hili la Mlima Kenya ambayo sitaitaja. Jioni moja nilimlaza mama wa watoto watatu, mchuma majani chai, aliyekuwa na nimonia. Nilimwandikia viuavijasumu na dripu, kisha nikaandika katika faili kwamba apimwe kila baada ya saa nne. Niliandika hivyo nikijua vyema kwamba wadi ilikuwa na wagonjwa zaidi ya arobaini na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Asubuhi nilipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Nilifungua faili. Kasi ya kupumua saa nne usiku: 20. Saa nane: 20. Saa kumi na mbili alfajiri, saa ambayo mwenzake wa kitanda cha pili aliniambia mama yule alikuwa ameshanyamaza: 20. Daktari yeyote aliyefanya kazi katika wadi zetu anaijua hiyo ishirini. Ndiyo namba inayoandikwa wakati hakuna aliyehesabu. Sikumlaumu yule muuguzi wakati ule na simlaumu leo. Mimi mwenyewe, nilipomlaza, sikuhesabu pumzi zake dakika nzima. Nilimtazama tu, nikakadiria.

Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba mimi ni adui wa mashine. Kama usiku ule kungekuwa na kifaa kinachohesabu pumzi bila kukadiria, huenda watoto wale watatu wangekuwa na mama yao. Napenda hilo lieleweke kabla sijaanza kulalamika.

Wala si kweli kwamba mambo haya ni ndoto. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watoto wachanga 3,003 waliozaliwa na uzani mdogo sana. Nusu yao walifuatiliwa kwa mtambo uliochambua mapigo ya moyo na kuwaonyesha wahudumu alama ya hatari ya maambukizi. Nusu nyingine walifuatiliwa kwa njia ya kawaida. Vifo vilipungua kutoka watoto 10.2 katika kila 100 hadi 8.1. Mwaka 2022 madaktari wa Johns Hopkins nao walieleza juu ya programu iliyotumika katika hospitali 5 kutambua mapema wagonjwa ambao maambukizi yameenea mwilini na viungo vinaanza kushindwa kufanya kazi. Wagonjwa ambao onyo lao lilithibitishwa na mhudumu katika muda wa saa 3 walikufa wachache kuliko wale ambao onyo lao lilichelewa kushughulikiwa. Soma tena sentensi hiyo. Faida ilikuwa pale ambapo mtu alikuja. Programu ilikuwa ile ile kwa wote.

Hapa kwetu pia watu hawajalala. Kuanzia 2019 watafiti walijaribu vifaa vya kuwafuatilia watoto wachanga mfululizo katika Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi, na baadaye katika hospitali ya uzazi ya Pumwani. Na mwaka 2025 kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi, kwa ushirikiano na kampuni ya OpenAI, zilitoa matokeo ya akili bandia iliyokuwa ikisoma maandishi ya wahudumu na kuwaonya panapoonekana kosa. Waliangalia ziara karibu 40,000 za wagonjwa. Makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Ni habari njema, ingawa mwenye bidhaa alikuwa mmoja wa waliofanya uchunguzi, na hao walikuwa wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani, si mahututi.

Sasa niseme upande wa pili, ambao kijana wa hotelini aliupitia haraka kama matatu inayokwepa polisi.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipima programu ya kampuni ya Epic, iliyokuwa ikitumika katika mamia ya hospitali za Marekani kutabiri maambukizi hayo hayo ya damu. Iligundulika kwamba ilikosa kuwatambua wagonjwa 2 katika kila 3 waliokuwa na tatizo hilo. Wakati huo huo ilipiga kelele kwa wagonjwa 18 katika kila 100 waliolazwa. Yaani ilinyamaza palipohitajika na kupayuka pasipohitajika, na hospitali hazikuwa na habari hadi mtu wa nje alipohesabu.

Na kelele zenyewe ni ugonjwa. Katika hospitali moja ya San Francisco, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulirekodi mitambo ya vyumba 5 vya wagonjwa mahututi kwa siku 31. Kila kitanda kilitoa milio 187 kwa siku. Kati ya maonyo ya mapigo ya moyo kwenda mrama yaliyokaguliwa, karibu 9 katika kila 10 yalikuwa ya uongo. Ukikaa katika kelele hiyo mwezi mmoja, masikio yako yatakufa ganzi hata uwe malaika. Nimewahi kumwona muuguzi hodari, mtu ninayemwamini kwa maisha yangu, akinyoosha mkono na kuzima kengele bila kugeuza kichwa. Alikuwa akimkanda kifua mgonjwa mwingine.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi wakazi wa mteremko huu wa mlima hasa. Programu hujua kile ilichofundishwa. Nyingi zimefundishwa kwa rekodi za hospitali za Marekani. Rekodi maarufu kuliko zote zinatoka hospitali moja ya Boston. Mgonjwa wa Boston si mgonjwa wa Maua wala Siakago.

Chukua miraa. Mtu aliyetafuna miraa au muguka mchana kutwa huwa na mapigo ya moyo ya kasi na shinikizo la damu lililopanda kidogo. Akivunjika mguu jioni na kuletwa hospitali, mashine isiyojua miraa itadhani anavuja damu ndani, au ana maambukizi. Daktari wa Meru humtazama shavu kwanza. Sisemi lolote hapa juu ya biashara yenyewe, maana nina jamaa Mbeere na ningependa kuendelea kuwatembelea.

Au chukua mgonjwa aliyeingiwa na sumu ya dawa ya kunyunyizia mimea, jambo ambalo katika nchi ya kahawa na chai tunaliona mara nyingi kuliko tunavyopenda. Dawa ya kumwokoa ni atropini, na tunampa hadi moyo uongeze kasi na kifua kikauke. Moyo kwenda mbio, kwetu, ndiyo dalili kwamba tiba imeshika. Programu iliyofunzwa mahali ambapo wagonjwa wa namna hii ni nadra itaugeuza ubao mwekundu saa ile ile ambayo mgonjwa anaanza kupona.

Hata kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni, ambacho wengi wenu mlikinunua wakati wa korona, kina kasoro yake. Hupitisha mwanga kwenye kidole na kusoma rangi ya damu, na ngozi nyeusi huweza kuupotosha mwanga huo. Mwezi Desemba 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao kibanio kilisema wana oksijeni ya kutosha, damu iliyopimwa maabara ilionyesha upungufu mkubwa kwa wagonjwa weusi 11.7 katika kila 100, na kwa weupe 3.6. Sasa fikiria akili bandia, hata iwe na akili namna gani, inayolishwa namba hiyo kila sekunde. Itakosea kwa uhakika mkubwa.

Haya yote yanaweza kurekebishwa. Programu inaweza kufundishwa upya kwa rekodi zetu, tukiwa na rekodi zenye ukweli, si zile za 20, 20, 20. Ninalogombana nalo zaidi ni mahali tunapotaka kuiweka.

Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mgonjwa 1 katika kila 8 waliolazwa alikuwa mahututi. Walikuwa wapi? Zaidi ya thuluthi mbili yao walikuwa katika wadi za kawaida, si ICU. Mmoja katika kila watano alifariki katika muda wa juma moja. Na kati ya wale ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa, chini ya nusu ndio waliokuwa wakipewa oksijeni. Oksijeni, msomaji, si akili bandia. Hewa tu.

Mnakumbuka hesabu tuliyofanya korona ilipoingia. Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa na vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kusaidia kupumua, na kaunti 22 tu kati ya 47 ndizo zilizokuwa na chumba cha namna hiyo. Vimeongezwa tangu hapo. Lakini basi lililotoka Meru lilipotumbukia katika mto Nithi tarehe 24 Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 30, ni nani barabara hii aliyejiuliza kama tuna programu za kutabiri? Tulijiuliza kama kuna damu, kama kuna gari la wagonjwa, kama kuna kitanda.

Mashine vilevile si wageni kwetu. Mwaka 2015 serikali kuu iliingia katika mkataba wa kukodisha vifaa vya kisasa kwa hospitali mbili katika kila kaunti, mpango uliotajwa kuwa wa Sh38 bilioni. Figo zilisafishwa karibu na nyumbani kwa mara ya kwanza, na hilo ni jema ambalo sitalipuuza. Nina wagonjwa walio hai kwa sababu hiyo. Lakini Seneti ilipochunguza, na kutoa ripoti mwaka 2020, iliambiwa habari za mitambo iliyokaa ndani ya masanduku kwa sababu hapakuwa na stima ya kutosha, au maji, au mtu wa kuiendesha. Kaunti zililipia hata hivyo. Stima yenyewe mnaijua: tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na kila hospitali isiyo na jenereta ya kutegemewa ilirudi kwenye tochi ya simu.

Na watu je? Mwaka 2021 nchi yetu ilitia sahihi mapatano na Uingereza ya kupeleka wauguzi wetu huko, wakati wadi zetu zinalia upungufu na wahitimu wa KMTC wanauza mitumba wakingoja kuajiriwa. Siwalaumu wanaoondoka. Nauliza tu hesabu hii inafanywa na nani.

Rudi basi kwenye swali langu la hotelini. Kijana alijibu kwamba namba ikigeuka nyekundu, ujumbe utatumwa kwa simu ya daktari wa zamu. Daktari wa zamu wa saa tisa usiku namjua, kwa maana nilikuwa yeye kwa miaka mingi. Yuko chumba cha upasuaji, mikono ndani ya tumbo la mama anayejifungua, na simu yake iko mfukoni mwa koti lililotundikwa nje.

Kuna hofu moja zaidi ambayo hospitali hazipendi kuizungumza. Mahali penye vitanda vinane na wagonjwa kumi na wawili, namba inayosema ni nani atakufa haitabaki kuwa onyo. Itakuwa mizani. Mtu atasema, huyu mashine imempa nafasi ndogo, tumpe mwingine kitanda. Na familia ambayo imeshauza ng'ombe wawili itaonyeshwa namba hiyo na kuulizwa kama inataka kuendelea. Maamuzi hayo magumu tunayafanya hata leo, sikatai, lakini leo yupo mtu wa kuulizwa sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kutoamuliwa jambo zito na mtambo peke yake. Ukiwa na mgonjwa wako ndani, una haki ya kuuliza: uamuzi huu umefanywa na nani, jina lake nani, na amemtazama mgonjwa saa ngapi?

Kwa maoni yangu, kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu zikitaka kutumia fedha katika jambo hili, zianze na wadi ya kawaida. Oksijeni kwenye kila kitanda kinachohitaji. Muuguzi wa pili wa usiku. Karatasi ya alama za hatari, kama ile iliyotolewa Uingereza mwaka 2012 na Chuo cha Kifalme cha Madaktari, ambayo huhitaji kalamu, saa na mtu wa kuhesabu, na ambayo kwa sehemu kubwa hufanya kazi ile ile ya kijani, manjano na nyekundu. Baadaye, kwa vitanda vya wale walio taabani zaidi katika wadi hiyo hiyo, vifaa vya kufuatilia mfululizo, na programu ikiwa imejaribiwa kwa watu wetu na kuhesabiwa na mtu asiyelipwa na muuzaji. ICU itafuata. Najua gavana hawezi kukata utepe wa muuguzi wa usiku.

Nawe usingoje kaunti. Ukimtembelea mgonjwa, tazama blanketi likipanda na kushuka, uhesabu dakika nzima kwa saa yako. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akifikisha 25 au zaidi, au akiwa ameanza kuweweseka ilhali jana alikuwa akizungumza vizuri, au mikono imekuwa baridi na hajapata mkojo tangu asubuhi, mwite muuguzi, umtajie namba uliyohesabu. Mtajie kwa heshima, kwa sababu amechoka, lakini mtajie. Akikuona msumbufu, vumilia. Mume wa yule mchuma chai aliondoka wadini saa moja jioni kwa sababu kengele ya wageni ilikuwa imelia, na pengine kwa sababu mimi nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Kabla hatujatawanyika pale hotelini nilimfuata yule kijana pembeni. Nilimwomba kampuni yake itukopeshe mtambo miezi mitatu, si kwa ICU bali kwa wadi ya kawaida ya wanawake, nasi tutaandika kila mlio ulitoka saa ngapi, nani alikuja, na baada ya dakika ngapi. Alisema ni wazo zuri sana. Aliandika namba yangu ya simu, akasema atawasiliana nami juma lijalo. Huu ni mwezi wa pili.